Kombe Nililowapa Kuku

Kombe la mama lilikuwa na meno. Ukilipindua uliona mdomo mrefu wenye rangi ya chungwa lililoiva sana, na kando ya mdomo huo, pande zote mbili, vijino vyeupe vimejipanga kama vya mtu anayecheka bila kufurahi. Mgongoni lilikuwa na vinundu vya rangi ya udongo. Lilikuwa zito. Nilipokuwa mtoto nililibeba kwa mikono miwili nimelikumbatia tumboni, na mama akiniona alisema, "Likuangukie vidoleni, halafu useme konokono kakuuma."

Lilikuwa kweli gamba la konokono, konokono wa baharini. Sisi tunaowajua ni wale wadogo wa wakati wa mvua, wanaotambaa kwenye majani ya maboga. Kwamba kuna mwingine anayejijengea nyumba kubwa kama kichwa cha mtoto, hilo tuliliamini kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa pale juu ya kabati, kwenye kitambaa alichofuma mama.

Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Naandika hiki kwa sababu mama amefariki, na watu waliokuja msibani walinisifu kwa jinsi nilivyomtunza. Mmoja alisimama akasema mbele ya wote kwamba Mungu atanilipa. Nilimtunza, ni kweli. Nilimwogesha, nilimpikia, nilimfulia. Lakini kombe lake nililivunja mimi kwa nyundo nikawapa kuku, kisha nikamdanganya. Msibani sikulisema hilo. Niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni huzuni.

Nyumba yetu iko Zuzu, karibu na reli. Baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia ya treni: kubadilisha mataruma, kukaza vyuma, kushindilia kokoto. Mwaka mmoja, mimi nikiwa bado mdogo sana, alipelekwa kufanya kazi Dar es Salaam kwa miezi kadhaa. Aliporudi alikuwa na kitenge cha mama, ndoo mpya, na kombe limefungwa kwenye gunia.

Habari za safari ile nilizisikia kwa mama, aliyekuwa akizisimulia kila mgeni alipouliza kitu gani kile kabatini. Baba alilinunua kwa mzamiaji aliyemhakikishia kuwa limeshasafishwa. Halikuwa limesafishwa. Konokono mwenyewe alikuwa bado yumo ndani, amekufa. Walipofika Morogoro likaanza kunuka. Walipofika Kilosa behewa zima lilikuwa limefungua madirisha.

"Nani kabeba samaki humu?" abiria mmoja akauliza.

"Huyu si samaki, huyu ni maiti," akajibu mwingine.

Baba akatikisa kichwa pamoja nao. "Watu wengine hawana adabu kabisa," akasema, na gunia liko chini ya miguu yake.

Alipofika nyumbani mama hakumruhusu kuingia nalo ndani. "Mume wangu, umeniletea zawadi au umeniletea msiba?"

"Liangalie kwanza. Liangalie rangi yake."

"Nitaliangaliaje na macho yanatoka machozi?"

Lakini aliliangalia. Siku hiyo hiyo alichimba shimo karibu na kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, akalilaza mdomo ukiwa chini, akalifunika kwa udongo kidogo, kisha akaweka miiba juu ili mbwa wasilifukue. Hakufundishwa na mtu. Alijua tu kwamba sisimizi hawaachi kitu. Akalisahau kwa makusudi mpaka walipomaliza kuvuna uwele, ndipo akalifukua. Ndani lilikuwa safi, halina hata harufu. Akalisugua kwa majivu, akalisuuza, akalipaka mafuta ya karanga, na ule mdomo ukang'aa. Kwa hiyo baba ndiye aliyelinunua, lakini aliyelifanya likawa kitu cha kuwekwa mbele ya wageni ni mama. Kila Jumamosi alilipaka mafuta. Kama alikuwa anaumwa alituagiza mimi au dada yangu, na alikuwa akikagua.

Baba alituambia tukiliweka sikioni tutasikia bahari. Tuliliweka. Mimi nilisikia treni ya mizigo, ile inayosikika ikiwa bado mbali. Dada yangu naye alisikia treni. Baba alicheka sana, akamwambia mama, "Hawa inabidi niwapeleke. Na wewe nitakupeleka, ukaone linakotoka."

"Na shamba utaliachia nani? Nyani?"

"Baada ya mavuno."

Mavuno yalikuja na kupita, mengine mazuri, mengi mabaya. Nilipokuwa darasa la sita baba aliugua kifua akafariki. Mama hakuwahi kuiona bahari. Wala sikumsikia akilalamika kwa hilo. Alisema tu, akiwa anapaka mafuta, kwamba baba yenu alikuwa na maneno matamu.

Mimi nilikuwa fundi wa kujenga. Nilifanya kazi Mtumba wakati majengo ya serikali yanapanda, nikabeba zege mpaka mgongo ukanikataa. Mke wangu na mimi tulikuwa tumeshaachana. Dada yangu ameolewa Kondoa. Nikarudi kwa mama, nikajenga banda, nikaanza kufuga kuku wa mayai. Nilikuwa nao themanini na kidogo. Majirani walinicheka mwanzoni, mwanaume mzima kushinda na kuku, lakini mayai yalikuwa yanatoka.

Ndipo mama akaanza kusahau. Alianza na vitu vidogo. Aliweka chumvi mara mbili. Aliniita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani. Halafu akaanza kulitoa kombe kabatini na kukaa nalo juani, amelipakata kwenye kanga. Sikuona ubaya. Lilimtuliza. Angeweza kukaa nalo asubuhi nzima, akilipitisha kidole kwenye meno yake, jino moja baada ya jingine, kama anayehesabu.

Ubaya ulianza alipoanza kwenda nalo relini. Mara ya kwanza nilimkuta amesimama kandokando ya njia, kombe mikononi, anatazama upande wa Dodoma mjini.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Namngoja baba yako. Kaondoka kalisahau."

"Baba alishafariki, mama."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nani kakwambia?"

Baada ya hapo sikumwambia tena kwamba baba amefariki. Nilimwambia treni ya leo imeshapita. Alikubali, tukarudi. Lakini alikwenda tena, na tena. Siku moja mfanyakazi wa reli alimrudisha nyumbani amemshika mkono. Akamwamkia vizuri, akamketisha, kisha akanivuta pembeni.

"Bwana mkubwa, mwangalie mama yako. Treni haiwezi kusimama kama baiskeli."

Nilimshukuru. Nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Nilikuwa nimechoka. Usiku silali vizuri kwa mgongo, asubuhi kuna kuku, mchana kuna kumtafuta mama.

Sasa nieleze habari ya mayai. Kuku wa mayai anahitaji kitu cha kutengenezea ganda. Chakula chao nilikuwa nachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chumvi kidogo, na makombe ya baharini yaliyopondwa. Makombe hayo yanakuja kwa magunia kutoka pwani, madogo madogo, yamevunjikavunjika, na dukani wanayauza kwa kilo. Nilikuwa nikiyatwanga zaidi kwenye kinu cha mama. Jirani yangu mmoja, mama mwenye utani mwingi, alikuwa akinipigia kelele kutoka barabarani: "Shemeji, ugali wa leo unga gani huo?"

Kipindi kile makombe yalikosekana. Wiki kadhaa, kila Jumatatu nilikwenda dukani, jibu ni lile lile.

"Hakuna, mzee," akasema muuzaji. "Gari lipo njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani tu."

Nikajaribu chokaa, haikusaidia. Mayai yakaanza kutoka na ganda jembamba, mengine hayana ganda kabisa, yamefunikwa na ngozi tu. Kuku wakayadonoa wakaona ni matamu, wakaanza kuyala. Mfugaji akishafika hapo anajua yuko matatani, maana kuku aliyezoea kula mayai ni vigumu kumwachisha.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja anayewapikia wafanyakazi wa ofisini kule Mtumba. Nilimpelekea trei zake, akachukua yai moja akanipa.

"Kaka, hebu shika hili."

Nikalishika. Likabonyea.

"Hili ni yai au ni mpira wa watoto?"

"Dada yangu, nivumilie. Makombe ya kuku yameadimika."

"Wateja wangu wanakuja na mashati meupe. Yai linampasukia mtu kifuani, mimi nimwambie makombe yameadimika?"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya chai wakacheka. Nikacheka nao.

"Ijumaa nitakuletea mazuri," nikasema.

"Ijumaa. Kuna jamaa wa Veyula ananipigia simu kila siku, na yake ni magumu kama kokoto."

Nimewahi kujiambia kwamba nililivunja kombe la mama ili aache kwenda relini. Ningependa iwe hivyo, kwa sababu ingekuwa kama nimeokoa maisha yake. Si kweli. Wazo la reli lilikuja baadaye, nilipohitaji kujitetea. Nililivunja kwa sababu ya mayai, na kwa sababu watu walinicheka kwenye foleni ya chai, na kwa sababu asubuhi ya Jumatano niliingia ndani kuchukua ndoo nikaliona pale kabatini, kubwa, zito, nikafikiri: hili peke yake ni kilo ngapi? Ndivyo nilivyofikiri. Sikufikiri kitu kingine.

Mama alikuwa mbele ya nyumba anachagua uwele kwenye ungo. Nilipita na kombe mlango wa nyuma, nimelifunika kwa gunia. Huko nyuma tuna kipande cha reli cha baba, alichokuwa akinyooshea misumari. Nikaliweka juu yake, nikapiga. Nyundo iliruka. Kombe halikuvunjika, lilipata alama nyeupe tu mgongoni, ndogo kama ukucha.

Hapo ningeweza kuacha. Alama ile mama asingeiona hata kidogo, macho yake hayakuwa mazuri. Ningelirudisha kabatini, yakaisha. Naiona alama ile mpaka leo.

Nikapiga tena.

"Fundi gani huyo anagonga?" mama akauliza kutoka mbele.

"Ni mimi, mama. Natengeneza banda."

"Angalia vidole, baba."

Na yule jirani yangu, akipita na ndoo ya maji kichwani, akapaza sauti: "Shemeji, ongeza nguvu! Mjini bado hawajasikia!"

Kwenye pigo la tano au la sita likapasuka. Ndani lilikuwa jeupe, limejizungusha kama ngazi ya jengo refu, laini kuliko kikombe cha udongo mzuri. Sikuwa nimejua kwamba ndani ni vile. Hakuna aliyewahi kujua, wala mama. Kutoka kwenye kona ya mwisho kabisa ukaanguka mchanga kidogo, mweupe, si mwekundu kama wetu. Na punje moja ya karanga, imekauka kama jiwe. Nilikumbuka: dada yangu aliisukuma humo tukiwa wadogo, ili konokono akirudi akute chakula. Tulipigwa kwa ajili ya karanga ile, maana ilikataa kutoka.

Nikavitia vipande kwenye kinu nikatwanga. Ile rangi ya chungwa ilibaki kwenye unga kwa muda, halafu ikapotea, ukawa unga wa kijivu kama makombe mengine yoyote. Nikachanganya na chakula, nikawawekea kuku. Walikula. Kuku hawachagui.

Liliisha kesho yake jioni. Kuku themanini, kombe moja, hata mtoto angepiga hesabu. Ijumaa asubuhi gari la makombe likafika dukani. Na Ijumaa hiyo mayai yalikuwa bado laini, kwa kuwa ganda halijengwi kwa siku mbili. Yule mama wa Mtumba akachukua mayai ya Veyula kwa wiki tatu, kisha akarudi kwangu mwenyewe, hakuna aliyekosa kitu. Hayo ndiyo niliyoyapata.

Jumatano ile ile jioni mama alisimama mbele ya kabati. Alikuwa ameshika kile kitambaa alichofuma.

"Baba, kombe langu liko wapi?"

Sikuwa nimejiandaa. Kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni nikakisema. "Mwalimu kaliazima, mama. Anawaonyesha watoto shuleni."

Nilitegemea agombe. Alifurahi. Uso wote ulifunguka kama zamani. "Kafanya vizuri," akasema. "Watoto wa huku hawajaona. Lakini alirudishe."

"Atalirudisha."

Kuanzia siku hiyo aliuliza kila asubuhi akimaliza uji. "Mwalimu kalirudisha?" Na mimi kila asubuhi: "Bado, mama. Darasa jingine nalo linataka kuliona." Vitu vingine vilimtoka kichwani, mpaka majina ya wajukuu, lakini hilo halikumtoka. Jumamosi moja alinipa chupa ndogo ya soda, ameitia mafuta ya karanga nusu, ameziba kwa kipande cha gunzi.

"Mpelekee mwalimu. Mwambie asipake mengi, na asiliache juani."

Niliichukua. Nilizunguka nyumba, nikakaa nyuma ya banda kwa muda wa mtu kwenda na kurudi shuleni. Kisha nikarudi nikamwambia mwalimu kashukuru sana. Mafuta yale niliyapikia mboga jioni. Mama alikula, akasema mboga ya leo imekolea.

Siku nyingine nilitoka bandani nikamkuta ameoga, amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono magotini.

"Nipeleke shule," akasema. "Mwalimu hawezi kuwaeleza watoto hilo kombe lilivyokuja. Hakuwepo. Nataka niwaambie habari ya kunuka kwenye treni."

"Leo shule imefungwa, mama."

Ilikuwa Jumanne. Kabla sijamaliza kusema, wakapita wasichana wawili wa shule na sare zao, wakapiga magoti kidogo kama walivyofundishwa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeliona kombe langu huko?"

Wasichana wakatazamana. Mmoja akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. "Ndiyo, bibi," akasema. "Tumeliona."

"Lina meno, eeh?"

"Lina meno, bibi."

"Na mwalimu kawaambia aliyelisafisha ni nani?"

"Katuambia ni wewe, bibi."

Mama akacheka, akapiga makofi mara moja. Wakaaga wakaenda. Walikuwa wamemdanganya kwa heshima, kama watoto wa huku wanavyofanya kwa mzee aliyechanganyikiwa. Uongo wao haukuwa na dhambi. Nilisimama pale nikaona jinsi ulivyo tofauti na wangu.

Nilijaribu kupata jingine. Nilimwomba dereva mmoja wa lori anitafutie pwani, nikamwelezea rangi na meno. Akaniambia makubwa ya namna hiyo siku hizi ni shida kuyapata. Akaniletea dogo, jeupe, lenye miiba, zuri kwa namna yake. Nilimwekea mama mapajani. Alilipapasa kwa vidole, akatafuta mdomo, akatafuta meno, akanirudishia.

"Hili la mtu mwingine," akasema. "Mrudishie, asije akawa analitafuta."

Mwaka ukapita hivyo. Relini hakwenda tena, hilo ni kweli, na wakati mwingine nilijishika na hilo. Nilijiambia kila Jumapili kwamba nitamweleza. Lakini kila asubuhi ilikuwa rahisi zaidi kusema "bado, mama" kuliko kusema lile jingine. Neno moja dogo, na yeye anatulia, na mimi nakwenda kwa kuku. Nilikuwa naogopa pia. Mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, niliogopa mama atanitazama vipi.

Halafu asubuhi moja alimaliza uji, akaweka kikombe chini, hakuuliza. Nilingoja. Kesho yake hakuuliza. Nafsi yangu ilipumua, nakiri. Nilifikiri labda kachoka kuuliza, na nikafurahi, siku tatu, nne nzima. Siku ya tano furaha ikaisha. Nikaona kwamba kama nataka kusema, ni sasa.

Alikuwa amekaa juani mahali pake, kanga mabegani. Mikono ilikuwa mapajani, imekunjwa kama bado imeshika kitu. Nilikaa chini mbele yake, kwenye udongo.

"Mama, nataka kukwambia jambo. Kombe lako halikwenda shule. Nililivunja mimi. Nililitwanga nikawapa kuku, wakati ule mayai yalipokuwa laini. Nilikudanganya. Mwalimu hajawahi kuliona. Nisamehe, mama."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kichwa amekiinamisha upande.

"Kombe gani, baba?"

"Kombe lako. La baharini. Alilokuletea baba kwenye treni, likanuka. Ukalifukia kwenye kichuguu."

Alifikiri. Niliona anafikiri kweli, anatafuta. Nikangoja, nikamwombea alipate. Nilitaka alikumbuke hata kama ni kwa dakika moja, anigombeze, anilaani, anipige na kile kikombe. Hakulipata. Nikaanza kulia, na yeye akanyoosha mkono akanishika kichwani, kama anavyomshika mtoto wa jirani.

"Usilie. Ulivunja kitu cha mtu?"

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Ndiyo, mama."

"Mbaya hiyo." "Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia," nikasema. "Nimemwambia leo."

"Kasemaje?"

"Hajasema kitu."

"Bado ana uchungu," mama akasema. "Mwache kwanza. Usimharakishe. Atasema tu."

Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na kama kwetu ni mbali, maana jua lilikuwa linakuwa kali. Nikamwambia ni wa hapa hapa. Akasema vizuri, basi utakunywa uji kabla hujaenda.

Alifariki mtama ukiwa bado haujakomaa. Siku za mwisho hakuwa anaongea, alikuwa ananitazama tu. Nilikaa pembeni yake nikingoja, kama alivyoniagiza. Hakusema.